Foldscope kwa somo la seli: kiini utakiona, mitokondria sahau

Mwanafunzi wa biolojia mwaka wa kwanza huambiwa siku ya kwanza kwamba seli ya yukarioti (ya mimea, wanyama na kuvu) ina kiini kilichozungushiwa utando. Kukiona kiini hicho kwa macho yake ni habari nyingine: hadubini moja, vichwa sita, na muda wa praktiko unakwisha kabla slaidi haijapata fokasi. Foldscope, hadubini ya kukunja kwa karatasi, inawavutia wengi kwa sababu hiyo. Swali ni moja tu: inafika wapi katika silabasi ya seli?

Chombo chenyewe kilibuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Manu Prakash pamoja na wanafunzi wake, na maelezo yake yakachapishwa katika jarida la PLOS ONE mwaka 2014. Wabunifu walikadiria vipuri vyake vinagharimu chini ya dola 1. Usitarajie kukipata kwa bei hiyo. Bei ya kuuzia iko juu zaidi, na usafirishaji hadi Afrika Mashariki huongeza.

Karatasi yake ni ngumu kuchanika na haiogopi maji. Unaikunja kwa kufuata rangi, kisha lenzi ndogo ya duara inakaa katikati. Toleo la kawaida linakuza mara 140 na linatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban maikromita 2. Namba ya pili ndiyo ya kuikariri, maana ndiyo inayoamua utaona nini. Kiini cha seli ya kitunguu au ya shavu, chenye maikromita 5 hadi 10 hivi, kinaonekana vizuri. Kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli ya mmea) ya maikromita 5 inaonekana kama punje ya kijani. Mitokondria, sehemu inayoizalishia seli nishati, ina upana wa nusu maikromita hadi 1, kwa hiyo haipo kwenye orodha. Retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) na ribosomu (vinavyotengeneza protini) ndiyo kabisa: ribosomu ina nanomita 20 hadi 30, hata hadubini bora ya mwanga ya kawaida, yenye kikomo cha maikromita 0.2, haiigusi. Hizo ni kazi ya hadubini ya elektroni. Kuikuza picha kwenye simu hakusaidii chochote, utapata ukungu mkubwa zaidi tu.

Kosa linalowasumbua wengi mwanzoni ni kuweka slaidi kichwa chini. Lenzi ya kukuza mara 140 ina fokasi fupi mno, chini ya milimita 2. Slaidi ya kioo yenyewe ina unene wa takriban milimita 1, kwa hiyo sampuli ikikaa upande wa pili wa kioo haifikiki. Kioo cha kufunikia, chenye unene wa milimita 0.17 hivi, lazima kielekee kwenye lenzi. Tone la maji likiwa kubwa, kioo hicho kinaelea na picha inacheza. Gusisha ukingo kipande cha karatasi ya chooni, maji ya ziada yatanyonywa. Ukiona duara jeusi zito lenye kitovu kinachong'aa, hilo ni povu la hewa. Usilichore ukaliita vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli), kama ripoti nyingi za praktiko zinavyofanya. Dawa yake ni kukishusha kioo cha kufunikia kwa mshazari wa nyuzi 45, taratibu, badala ya kukidondosha bapa.

Jicho lisogee mpaka nyusi ziguse karatasi, uso uelekee dirishani au kwenye taa. Kamwe usielekeze kwenye jua. Fokasi inapatikana kwa kuvuta na kusukuma karatasi kwa vidole gumba, na hapa chombo kinadai uvumilivu, kwani mkono ukitetemeka seli inatoweka. Ukibandika simu kwa sumaku inayokuja nayo, tetemeko hupungua na wenzako wanaona pamoja nawe. Punguza mwangaza wa kamera, la sivyo utando wa seli unamezwa na weupe. Ukingo wa picha huwa umepinda, ndivyo lenzi ya duara ilivyo. Kazi ifanyike katikati.

Kinachofanya chombo hiki kistahili hela ni kitunguu. Kile chekundu cha sokoni kinatosha. Ngozi laini ya upande wa ndani wa gamba huvuliwa kwa kibano bila shida; itandaze isijikunje, weka tone la iodini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji (tone 1 kwa matone 5), subiri dakika 2. Kuta za seli zitajipanga kama matofali na kiini kitakuwa njano-kahawia, kimebanwa ukutani. Kimebanwa kwa sababu vakuoli imejaza seli, na hapo umbo na kazi vinakutana. Ngozi ikivuliwa nene, utaona tabaka mbili za seli zimepandana na hakuna kitakachoeleweka.

Jaribio zuri zaidi halihitaji rangi hata tone. Ngozi ya nje ya gamba lilelile ina utomvu wa zambarau ndani ya vakuoli. Weka kipande kwenye maji, kiangalie, kisha pitisha chini ya kioo maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 hivi, katika mililita 100. Ndani ya dakika chache zambarau inasinyaa na utando unaachana na ukuta. Kwa ukuzaji huu unaona kila kitu, na pengine vizuri kuliko kwenye hadubini kubwa iliyowekwa mara 400, kwa kuwa hapa seli nyingi zinaonekana kwa mpigo. Rudisha maji matupu na utando unajaa tena, mradi hukuchelewa. Seli ikikaa muda mrefu kwenye chumvi inakufa, na zambarau inavuja nje.

Seli za shavu zinatoka kwa kukwangua taratibu kwa kijiti cha meno. Zitandaze kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, kisha tia GV (dawa ya rangi ya zambarau) ya duka la dawa, tone 1 kwa matone 20 ya maji. Ukiitia bila kuipunguza makali, seli nzima inakuwa wino na kiini kinapotea. Kijiti kitupwe kwenye maji yenye dawa ya klorini, si kwenye meza ya mwenzako.

Kwenye mgawanyiko wa seli hapa chombo kinaanza kukwama. Ncha ya mzizi wa kitunguu, milimita 2 za mwisho tu, ikilainishwa kwa asidi ya HCl ya mola 1 katika nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 5, ikapakwa orseini ya asetiki (rangi ya kromosomu) na kubanwa kwa kidole gumba bila kuteleza pembeni, inaonyesha makundi ya kromosomu yakijipanga katikati au yakivutwa pande mbili. Kuzihesabu mpaka zitimie 16 ni kujidanganya. Kazi hiyo ipeleke maabara, kwenye hadubini kubwa yenye lenzi ya chini ya mara 40 (pamoja na lenzi ya jicho inafika mara 400) na baadaye ile ya mara 100 inayotumia tone la mafuta. Kazi ya asidi nayo haifanywi bwenini.

Kwa hiyo mwenye kozi ya seli muhula huu anunue kama ziada ya maabara, asinunue kama mbadala. Anayesubiri kuona kifaa cha Golgi (sehemu nyingine ndogo ya seli) abaki na hela yake. Na ukiagiza, ongeza boksi la vioo vya kufunikia: vinavunjika kila siku, na bila kioo hicho lenzi inagusana na iodini.