Mkeka wa Umeme wa Kuoteshea Mbegu

Mwishoni mwa majira ya baridi, wakati ardhi ya bustani ingali imeganda na mbegu za pilipili hoho zinapaswa kusiwa ndani ya nyumba wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi (baridi inayogandisha umande) ya mwisho, mkeka wa umeme unaotandikwa chini ya trei ni kifaa ninachokipendekeza bila kusita. Pilipili huota vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 30, na hapo ndipo mkeka unapofaa: miche huchomoza kwa pamoja, mingine ingali imevaa ganda la mbegu. Chagua wenye kidhibiti joto, kwani usio nacho huukausha udongo upesi mno. Saladi haiuhitaji, kwani joto likizidi, mbegu zake hukataa kuota.