Vifaa vya kumfugia kinyonga wa pembe tatu: uzoefu wangu

Kinyonga wangu ni dume la aina iitwayo Jackson, yule mwenye pembe tatu usoni. Asili yake ni milima ya Kenya ya kati, hukohuko nilikokulia mimi, ingawa sasa sote wawili tunaishi Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Kabla ya kununua vifaa vyake nilisoma maoni mengi ya wanunuzi na sikukuta hata moja la Kiswahili. Najua wapo wenzetu Ulaya na Marekani wanaomfuga mnyama huyu, au wanaomtamani, kwa hiyo nitaeleza kila kifaa na kazi yake.

Kinachowaua wengi ni joto. Muuzaji akisikia mnyama ametoka Afrika, anakutolea balbu kubwa ya joto pamoja na mkeka wa kupasha moto usiku. Aliyewahi kulala Nyeri mwezi wa Julai anajua baridi ya kule, na Jackson huishi kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,500. Mchana anapenda jua la asubuhi, usiku anahitaji kupoa ili apumzike. Kwa hiyo wangu ana tawi moja la kuotea jua lenye nyuzi 27 hadi 29 za Selisiasi, na kona nyingine za kizimba hubaki 22 au 23. Jioni taa zote huzimwa, dirisha hufunguliwa kidogo, na joto hushuka hadi 15, wakati mwingine 12. Mkeka wa moto usinunue kabisa. Balbu nyekundu za usiku nazo ni hasara, maana zinamnyima usingizi.

Kizimba nilichochagua ni Zoo Med ReptiBreeze ile kubwa, yenye upana wa sentimita 61 na kimo cha 122. Ni fremu ya alumini iliyozungushiwa wavu, hewa inapita pande zote. Kwa kinyonga huyu hewa iliyosimama ni hatari, kwa sababu unyevu ukikaa bila upepo huleta maradhi ya mapafu. Kimo nacho ni muhimu kuliko upana, maana yeye hutaka kuwa juu, akitazama watu walio chini yake. Nilikiunganisha mwenyewe kwa bisibisi jioni moja, na mlango wake mdogo wa chini hunisaidia kufagia bila kumgusa. Kizimba chochote cha wavu huvuja maji, kwa hiyo weka trei pana chini kabla hujaharibu sakafu ya mwenye nyumba.

Ndani nimepanda mimea hai: pothos inayotambaa na mti mdogo wa Ficus benjamina, pamoja na matawi yaliyolazwa kwa urefu tofauti. Mimea ya plastiki nimeikataa. Majani hai hushika matone, hutunza unyevu, na humpa mahali pa kujificha mtu akipita. Kinyonga asiye na pa kujificha huishi na hofu, na hofu hiyo utaiona kwenye ngozi yake: hugeuka rangi ya giza na kukataa kula.

Sasa taa. Hapa ndipo ningeomba mtu asibane matumizi hata kidogo. Duka moja la wanyama liliniuzia seti ya kuanzia ikiwa na kibalbu kilichosokotwa, eti kinatoa miale ya kutosha ya UVB, ile miale isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua. Mwanga wake ulikuwa kiduara kidogo, na kinyonga akisogea hatua mbili hapati kitu. Bila UVB mwili hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu anayokula haitumiki, na mifupa hulegea. Nimemwona kinyonga wa jirani miguu ikiwa imepinda, taya limelainika, hawezi tena kurusha ulimi. Ni mateso ya polepole, na yangeweza kuzuiwa kwa taa tu. Niliirudisha seti ile na kununua Arcadia ya T5, yaani taa ya mrija mwembamba, yenye nguvu ya UVB ya asilimia 6, ndefu, yenye kiakisi chake ndani. Imelala juu ya wavu, na tawi la kuotea liko sentimita 20 na kitu chini yake. Wavu wenyewe hupunguza miale kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo usipime umbali kwa kukisia. Nami niliazima kwa mfugaji mwenzangu kipimo cha UVI, yaani kiwango cha ukali wa miale hiyo, kikasoma karibu 3 pale mgongo wake unapofika. Mwanga unaoonekana kwa macho hautakuambia lolote, kwa maana taa huendelea kuwaka vizuri hata UVB yake ikiwa imekwisha. Mimi huandika tarehe kwenye taa kwa kalamu na kubadilisha kila mwaka.

Maji ni habari nyingine. Bakuli la maji halimfai. Kinyonga hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, na bakuli atalipita kama halipo huku akikauka. Natumia mashine ya MistKing, pampu inayosukuma maji kwenye vinyunyizio vyembamba, na taima yake hupangwa hadi sekunde. Alfajiri kabla ya taa kuwaka inanyunyiza dakika mbili hivi, na usiku tena, wakati kumepoa. Mchana naacha majani yakauke kabisa. Ni mashine ya bei, lakini ukilinganisha na kusimama na chupa ya kupulizia kila siku, na wasiwasi wa safari, mimi naona thamani yake. Tia maji yaliyochujwa, la sivyo chokaa itaziba vinyunyizio. Kujua kama anakunywa vya kutosha tazama kinyesi chake: ile sehemu ya mkojo mzito inayotoka pamoja nacho ikiwa nyeupe, yuko salama, ikiwa ya rangi ya chungwa, au macho yamezama ndani, ana kiu.

Chakula ni nyenje na mende wa dubia, wachache tu, siku moja ikipita. Wadudu wenyewe nawalisha kwanza sukuma wiki na karoti, kwa kuwa mdudu mwenye njaa hana lishe. Kabla ya kuwatoa nawapaka unga wa kalsiamu isiyo na D3, kidogo sana. Ule wenye vitamini natumia mara moja au mbili kwa mwezi. Jackson huumizwa na vitamini zikizidi kuliko vinyonga wengine wanaofugwa sana, kama yule wa Yemen.

Mama alipomwona kwenye simu alisema, "Mwanangu, hicho kitu kiko ndani ya nyumba unayolala?" Nilimweleza hana sumu. Hakuridhika, lakini sasa huuliza kama amekula.

Ukitaka kununua, nunua aliyezaliwa kwa mfugaji. Wanaokamatwa porini hufika na minyoo na wamekauka, wengi hufa mapema. Wale wa Marekani wengi wana asili ya Hawaii, ambako walitoka kwa muuza wanyama aliyewaagiza kutoka Kenya mwaka 1972, akawaachia bustanini wapate nafuu. Wakaenea, na leo wanakula wadudu na konokono wa huko ambao hawapatikani kwingine. Kwa hiyo usimwachie nje kamwe, hata ukichoka naye. Na kwa ndugu walioko nyumbani, tafadhali msimtoe kwenye ua wa mimea anakoishi. Kenya inataka kibali kufuga mnyamapori, na kwenye ua ule anapata bure kila kitu nilichokilipia mimi kwa zaidi ya dola 400.

Tenga pia fedha za daktari anayejua reptilia, tena mtafute kabla ya kumleta mnyama nyumbani. Daktari wa mbwa na paka mara nyingi hawezi kumsaidia. Wanaofikiria kununua jike wajue kwamba Jackson hatagi mayai, huzaa watoto hai, mara nyingine zaidi ya ishirini kwa mpigo, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuzaa tena bila kukutana naye. Kila mtoto atahitaji taa, kunyunyiziwa maji na wadudu wadogo mno. Kama huna nafasi hiyo, chukua dume, mmoja, peke yake. Vinyonga hawapendi kukaa pamoja.