Kifaa cha kukatia tumbaku ya kusokota: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Anayeamua kununua majani mazima ya tumbaku, badala ya tumbaku iliyokwisha kukatwa, hakwami kwenye jani. Anakwama kwenye kukata. Jani zima lina raha yake: unaliona rangi, unalinusa, unajua hakuna kilichochanganywa humo. Lakini jani halisokotwi. Lazima liwe nyuzi, nyembamba na ndefu kiasi, zisizo na vumbi, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa kwa kununua kifaa kisichofaa. Na mimi zangu nilizipoteza.

Vifaa ninavyovipanga hapa ni vya mtu mmoja anayekata nyumbani kwa matumizi yake. Kipimo changu ni kimoja: kifaa kikate, kisiponde. Jani lililopondwa huzaa vumbi, na vumbi likiingia kwenye msokoto ama linaziba njia ya hewa mpaka unavuta kwa nguvu, ama linakusanyika upande mmoja na karatasi inaungua upandeupande. Uzi uliokatwa safi hushikana na wenzake na bado huacha upenyo wa hewa katikati.

Neno moja la afya kwanza, na ninalisema kwa moyo wote. Kukata mwenyewe hakusafishi moshi. Lami, kaboni monoksidi na nikotini vimo vilevile, hata jani liwe halijaguswa na kemikali yoyote, kwa sababu sumu nyingi huzaliwa jani linapoungua. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya mwongozo huu. Kama unavuta na unatafuta njia ya kuacha, pesa ya mashine itumie huko.

Ya kwanza: mashine ya mkono yenye visahani vya chuma

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Ina mihimili miwili iliyopangwa visahani vyenye makali, na visahani vya mhimili mmoja huingia katikati ya vile vya mwenzake kama meno ya zipu. Unaingiza jani juu, unazungusha mkono, nyuzi zinashuka chini. Upana wa uzi ni unene wa kisahani, kwa hiyo ukishanunua hauubadilishi. Kwa sigara ya kusokota chagua kati ya milimita 0.8 na 1. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu ushuru wa tumbaku inaihesabu tumbaku kuwa ya kusokota pale zaidi ya asilimia 25 ya uzito wake inapokuwa vipande vyenye upana chini ya milimita 1.5. Ukienda juu ya hapo unasogelea tumbaku ya kiko, ambayo kwenye karatasi nyembamba huacha mashimo na kuzimikazimika.

Mashine hizi zinafanana kwa sura, tofauti zao zimejificha ndani. Angalia giya za pembeni. Yangu ya kwanza ilikuwa na giya za plastiki zilizofunikwa na kifuniko cha chuma kinachong'aa, na muuzaji alinihakikishia kuwa ni "chuma kitupu". Wiki ya pili niliingiza jani nikiwa nimeacha kipande cha mshipa mnene wa katikati, kama urefu wa kidole. Nikasikia mlio mkavu, mkono ukawa mwepesi ghafla, ukazunguka bila kukata. Nilipofungua kifuniko, meno matatu ya giya yalikuwa yamelala kwenye unga wa tumbaku. Tangu hapo sinunui mashine bila kufunguliwa mbele yangu, na kama nanunua kwa picha, nadai picha ya giya.

Kitu cha pili ni vichana, yaani vile vibati vyembamba vinavyopita kati ya visahani na kung'oa nyuzi zinapotoka. Mashine isiyo na vichana, au yenye vichana vilivyopinda, jani huizungukia mihimili badala ya kushuka, na baada ya majani kumi unakuwa na bonge gumu la kuchokoa kwa sindano. Cha tatu ni skrubu. Mashine ifunguke kwa bisibisi ya kawaida, kwa maana utaifungua sana. Majani ya Virginia, yale yanayokaushwa kwa joto la mabomba, yana sukari nyingi, na sukari hiyo huacha gundi ya kahawia kwenye makali. Usipoifuta, mashine nzuri hugeuka mashine ya kuponda ndani ya mwezi.

Mota sishauri kwa anayeanza. Mkono unahisi jani linapokaza na unasimama kwa wakati. Mota haihisi.

Ya pili: kisu kikali na ubao

Najua wengi wangekiweka kisu mwisho. Mimi nakiweka hapa kwa sababu hakiharibiki, kinaoshwa mara moja, na kwa majani madogo hakuna kinachokishinda. Majani ya aina ya Oriental, yanayokaushwa juani, ni madogo kiasi kwamba kwenye mashine hupita mengine yakiwa mazima, mengine yakiwa yamesagika.

Toa mshipa wa katikati, panga majani matano au sita, yasokote pamoja yawe kama kamba nene ya kidole gumba, yakaze kabisa, kisha kata mapande membamba kuanzia ncha. Kila pande linatoka kama sarafu. Ukilipekecha kwa vidole linafumuka kuwa nyuzi. Siri iko kwenye kukaza. Kamba ikilegea, kisu kinasukuma jani badala ya kulikata. Chagua kisu kipana chenye ubapa mwembamba, kisicho na meno ya msumeno. Ubaya wake ni muda na kiganja: tumbaku ya wiki moja inaweza kukuchukua jioni nzima, na upana wa nyuzi hautalingana.

Ya tatu: kikatio cha kisanduku

Hapa majani hushindiliwa ndani ya kisanduku, husukumwa mbele kidogo kidogo, na kisu kizito hushuka mdomoni kukata. Viwandani hufanya hivyohivyo kwa ukubwa mwingine: majani hugandamizwa kuwa tofali, visu vinavyozunguka vinalikata. Ni kifaa kizuri kwa anayekata kingi kwa mkupuo mmoja. Kwa anayekata kidogo ni mzigo, maana kisanduku kisipojaa jani halishikiki na nyuzi zinatoka nene kwa nyembamba. Ukikinunua, hakikisha kisu kinatoka kwa ajili ya kunolewa na kina kinga ya vidole.

Ya nne: mkasi wa visu vitano

Ule wa kukatia majani ya jikoni. Unafaa kupunguza nyuzi ndefu zilizokwisha kukatwa, ziwe za sentimita tatu hivi. Kukatia jani lenyewe, nyuzi zake ni pana mno.

Vya kuacha

Mashine ya tambi ina mkato mwembamba wa milimita 2 hivi, na imetengenezwa kwa unga uliokandwa, si kwa jani jembamba linaloteleza kati ya mihimili. Kisaga karatasi za ofisini kina mafuta ya kulainishia kwenye makali, na mafuta hayo utayavuta. Blenda na kisaga kahawa havikati, vinavunja. Kinachotoka humo ni unga, hata ukigusa kitufe kwa sekunde moja.

Unyevu, bila huo hakuna kifaa kinachofaa

Nimeona watu wakiilaumu mashine kumbe kosa ni jani. Jani kavu huvunjika kwenye kifaa chochote. Jani lililolowa hugandamana kwenye visahani na likihifadhiwa hivyo huota kuvu. Nyunyiza maji kwa ukungu mwembamba, funga majani kwenye mfuko usiku kucha ili unyevu uenee, halafu lifinye jani kiganjani. Likifunguka taratibu kama linavuta pumzi, kata. Likitoa sauti ya kuvunjika, ongeza maji. Likibaki donge, lianike kwanza. Majani ya Burley, yanayokaushwa kwa hewa, hunywa maji haraka na kukauka haraka, kwa hiyo yakate hayo kwanza. Virginia huvumilia.

Vaa glavu unaposhika majani yenye unyevu kwa muda mrefu. Nikotini hupita kwenye ngozi yenye unyevu, na kizunguzungu na kichefuchefu chake si cha kuchezea. Watoto wasikaribie meza hiyo, wala chombo cha kuhifadhia.

Mshipa wa katikati utoe kila mara, hata kama unakuuma kuutupa, maana ni kama robo ya uzito uliolipia. Ukikatwa unakuwa vijiti vinavyotoboa karatasi.

Nyuzi zikishatoka, zitandaze kwenye karatasi safi hadi ziache kunata, kisha zitie kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko pamoja na kipakiti cha kudhibiti unyevu cha asilimia 62 au 65. Unyevu wa hewa ndani ya chombo ukipita asilimia 70 unaikaribisha kuvu. Zikionekana nyuzi nyeupe kama utando au harufu ikageuka ya uozo, mwaga zote, usichambue.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: vichana vya akiba vinauzwa peke yake, na giya ikivunjika inapatikana wapi? Muuzaji akishindwa kujibu, kanunue kisu kwanza na usubiri. Soma pia sheria ya nchi yako. Katika nchi nyingi tumbaku hutozwa ushuru maalumu, na kuikata na kumuuzia mwingine bila kibali ni kosa, hata ikiwa ni kifuko kimoja kwa jirani.