Doksisaiklini ya miligramu 100: tathmini baada ya kapsuli 84

Dawa ninayoitathmini hapa ni doksisaiklini, antibiotiki katika kapsuli ya miligramu 100 ambayo watu wengi wa rika langu bado wanaiita "rangi mbili", jina lisilosema lolote kuhusu kilichomo ndani, maana amoksilini na tetrasaiklini nazo zimeitwa hivyohivyo kwa miaka mingi. Niliimeza mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki 6, yaani kapsuli 84, na katika siku 7 za mwanzo nilichomwa pia sindano za gentamaisini, antibiotiki nyingine, katika kituo cha afya. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bruselosisi, unaoletwa na bakteria wa brusela na kumfikia mtu hata kwa maziwa yasiyochemshwa, ambao wafugaji wanaufahamu zaidi kwa ng'ombe anayetupa mimba kuliko kwa binadamu. Mimi naishi Arusha mjini, lakini wakwe zangu wako Monduli, na mkwe akikabidhiwa kibuyu cha maziwa hakatai, wala haulizi kama yamechemshwa.

Kabla ya kuifikia doksisaiklini nilipoteza karibu miezi miwili. Homa ilikuja na kuondoka, usiku nililowanisha shuka kwa jasho, na kiuno kiliuma kana kwamba nimeshinda shambani na jembe. Duka la dawa la mtaani kwetu, ambalo sitalitaja, liliniuzia kapsuli 6 za amoksilini "za kuanzia" baada ya kunisikiliza kwa muda usiozidi dakika moja. Wiki iliyofuata duka jingine likanipa dawa ya taifodi bila kipimo chochote, na nakiri kwamba taifodi niliitaja mimi mwenyewe. Aliyeniuliza kuhusu maziwa ni daktari. Aliagiza damu ipimwe malaria na brusela kwa pamoja, na majibu yalipotoka nikaelewa kwamba fedha zote zile zilikuwa zimekwenda kwa dawa zisizolenga ugonjwa niliokuwa nao.

Doksisaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini, ukoo ulioanzia udongoni: mwaka 1948 Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa amekwisha kustaafu chuo kikuu, alitangaza dawa ya kwanza ya kundi hilo, iliyotokana na bakteria wa kwenye udongo. Doksisaiklini yenyewe iliidhinishwa huko Marekani mwaka 1967. Haiwalipui bakteria papo hapo; inawazuia kutengeneza protini, wakashindwa kuongezeka, na kinga ya mwili ikapata nafasi ya kumalizia kazi. Bakteria wa brusela hujificha ndani ya seli za mwili, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki vizuri, na ndiyo sababu tiba yake huwa ndefu na huhitaji zaidi ya dawa moja. Amoksilini niliyouziwa, hata kama ningeimeza kwa wiki nzima, isingeniponya.

Kilichonipendeza kuliko vyote katika ununuzi huu hakikuwa kapsuli bali dakika chache za mfamasia aliyenipatia. Alikuwa binti mdogo, akaniamkia, kisha akaandika "1 x 2" kwenye bahasha na kuniomba nimsomee alichoandika. Nikasema moja asubuhi, moja jioni. "Saa ngapi, baba?" akauliza. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Kwa wengi wetu "1 x 2" maana yake ni kumeza baada ya chai na baada ya chakula cha usiku, hata kama chai ni saa 4 na chakula ni saa 12 jioni, wakati dozi hiyo inakusudia kupishana kwa saa 12. Akafuta, akaandika saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kisha akaniambia maneno ambayo nilipaswa kuyashika kuliko nilivyoyashika: "Baba, dawa hii haimezwi kitandani."

Siku ya 9 nilirudi nyumbani nimechoka, umeme umekatika, nikaimeza kapsuli kwa funda moja la maji lililobaki kwenye chupa na kujilaza. Nilizinduka usiku wa manane nikiwa na maumivu makali nyuma ya mfupa wa kidari, na kwa siku 4 kila tonge la ugali lilipita kana kwamba limefungwa kwenye kipande cha sandarusi chenye mchanga. Kapsuli ya doksisaiklini ikinasa kwenye umio huyeyuka pale pale, na kwa kuwa dawa yenyewe ina ukali wa tindikali huunguza ngozi laini ya ndani na inaweza kuacha kidonda. Kinga yake ni rahisi kiasi cha kuudhi: bilauri nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au amesimama wima, na asilale kwa angalau nusu saa, ikibidi saa nzima. Nilirudi kwa daktari badala ya kuacha dawa kwa uamuzi wangu, naye akanihakikishia kwamba hakukuwa na sababu ya kuibadilisha, ila dozi ya usiku niisogeze iwe kabla ya chakula kumalizika, nikiwa bado mezani.

Katikati ya maumivu hayo nilifanya kosa la pili, ambalo nadhani ni la wengi. Nilidhani ni kiungulia, nikanunua tembe za kutafuna za kutuliza tumbo, zile zenye magnesi na alumini, nikazitafuna kwa siku mbili, dakika chache baada ya kapsuli. Madini hayo hushikamana na doksisaiklini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu, hivyo siku hizo mbili nilikuwa nameza dawa na kuifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsi na vya zinki hufanya hivyohivyo, jambo linalowahusu sana watu wanaotibiwa upungufu wa damu kwa wakati huohuo, na mfamasia aliniagiza nivitenganishe na kapsuli kwa saa 2 hadi 3. Maziwa ni suala la kupimwa kwa kiasi: hupunguza doksisaiklini inayoingia mwilini kwa takribani moja ya tano, hasara ndogo kuliko ile inayoipata tetrasaiklini ya zamani, na wapo wagonjwa ambao tumbo lao haliivumilii dawa bila kitu kizito kutangulia. Mimi nilichagua kunywa uji mwepesi usio na maziwa saa 1 asubuhi, nikaihamishia chai ya maziwa saa 4. Kwa mtu aliyeugua kwa sababu ya maziwa, ilikuwa adhabu inayostahili, ingawa sasa yanachemshwa kwanza, hata Monduli, na mama mkwe ameikubali hoja hiyo baada ya kunihurumia zaidi ya kuniamini.

Jua nalo lina kisa chake. Nilikuwa nikiamini kwamba kuungua na jua ni habari ya watalii wanaopanda Mlima Meru, hadi wiki ya 3 niliposhinda mnadani na mikono mifupi na jioni ngozi ya mikono ikawa inawaka na kubambuka baadaye. Doksisaiklini huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mwanga wa jua, ya weusi na ya weupe. Shati la mikono mirefu na kofia pana vilimaliza tatizo.

Kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 dawa hii kwa kawaida huepukwa, isipokuwa daktari ameona ulazima, kwa sababu dawa za ukoo huu huweza kuyaachia meno yanayoendelea kukua rangi ya njano au kahawia isiyotoka. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini aseme kabla hajapewa. Upele, kuvimba uso, kupumua kwa shida, kuharisha kukali kusikokoma, au maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na ukungu machoni, si maudhi ya kuvumilia bali ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapoishushia bidhaa alama. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza tupu, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa msaada wa kamera ya simu. Kapsuli huja kumi kumi katika kila karatasi, hivyo 84 ni karatasi 8 na kipande cha kapsuli 4, na mkasi uliokata kipande hicho ulipita upande ambao uliacha tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi vikibaki dukani. Nilipoomba nipewe upande wenye tarehe, mfamasia alinipa bila ubishi, tena akasema ni haki yangu. Si jambo la kupuuza: tetrasaiklini zilizoharibika kwa kukaa muda mrefu zimewahi kuhusishwa na madhara ya figo, na nyumba zetu zenye bati bila dari ni mahali pabaya pa kuhifadhia dawa inayotaka ukavu na kivuli.

Homa ilinitoka ndani ya wiki 2, na siku ya 20 nilikuwa mzima kiasi cha kujiuliza kwa nini niendelee. Niliendelea kwa sababu daktari alikwisha nionya kwamba brusela hurudi, na hurudi zaidi kwa wanaokatisha. Lakini kauli ya "maliza dozi" inahitaji kueleweka vizuri, maana dozi si idadi moja kwa magonjwa yote. Kapsuli hizihizi, mtu mzima mwenye kipindupindu huweza kupewa 3 kwa mara moja na ikawa imetosha. Mwenye klamidia, ugonjwa wa zinaa, humeza 2 kwa siku kwa siku 7. Mimi nilihitaji siku 42. Anayechukua hesabu ya ugonjwa wa mwenzake anaweza kuwaacha bakteria wake wakiwa hai na wamejifunza usugu, au akajaza mwili dawa usiyoihitaji. Nilisahau dozi moja tu, ya asubuhi, nikaimeza saa 4 nilipokumbuka. Kama ingekuwa imekaribia saa ya dozi inayofuata ningeiruka, kwani kumeza mbili kwa pamoja hakufidii kitu zaidi ya kichefuchefu.

Kwa ubora wa tiba naipa doksisaiklini nyota 5, kwa bei nyota 5 vilevile, kwa sababu iko miongoni mwa dawa za bei nafuu zinazotegemewa duniani kote, na kwa ufungaji na maelezo nyota 2. Nilirudi kliniki baada ya kumaliza na nitarudi tena, kwa uchunguzi wa mwili na dalili. Daktari amenitahadharisha kwamba kingamwili za brusela, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana nayo, huweza kubaki kwenye damu kwa miezi mingi, kwa hiyo kipimo kikisoma chanya peke yake kisinipeleke dukani kununua kapsuli nyingine.

Wiki iliyopita jirani yangu alibisha hodi akiuliza kama zimebaki rangi mbili zozote, mtoto wake wa miaka 5 anakohoa. Nilimwonyesha karatasi 8 tupu na kile kipande, nikamweleza habari ya meno. Alimpeleka zahanati asubuhi yake, wakarudi bila kapsuli wala sindano, wameagizwa kumpa vinywaji vya uvuguvugu kwa wingi na kumrudisha haraka endapo ataanza kupumua kwa kasi. Jirani alikuwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa nauli. Kufikia Jumamosi mtoto alikuwa akipiga danadana nje ya dirisha langu.