Darubini ya Nukta Nyekundu kwa Bastola ya Mashindano: Ipi Inunuliwe Kwanza

Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, mwaka 1990 akitumia bastola yenye darubini ya nukta nyekundu, na tangu hapo swali limekuwa moja tu: inunuliwe ipi? Mimi huipima kila darubini kwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni iwapo mlengaji anayechomoa bastola kwenye ala na kuinyoosha ataiona nukta papo hapo.

Darubini hii haikuzi kitu. Taa ndogo ya LED humulika kioo kilichopinda, nacho huirudisha nuru kwenye jicho, kwa hiyo mdomo wa bastola ukiinuka kidogo tu kuliko inavyotakiwa, nukta hutoka kabisa ndani ya dirisha. Anayeanza huonekana akiushusha na kuupandisha mdomo huo, akiitafuta nukta kama anayepapasa tundu la ufunguo gizani, na sekunde zinakwenda. Dirisha pana halimalizi tatizo hilo, maana dawa yake ni mazoezi, lakini humpa nafasi ya kuiona nukta ingali pembeni na kuifuata.

Kwa kigezo hicho naiweka Holosun 507COMP mbele. Dirisha lake ni pana kuliko ya wengi, betri yake hutolewa ubavuni bila kuifungua darubini, na mtumiaji huweza kuchagua nukta ya MOA 2 au duara la MOA 8, 20 au 32 (MOA ni kipimo cha pembe kinachoonyesha alama hufunika kiasi gani cha shabaha). Trijicon SRO inaifuata kwa karibu sana: kioo chake ni angavu zaidi, nukta ni safi, na betri huingia kwa juu. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei yake kubwa na kwa sababu umbo lake lililojitokeza mbele halipendi kuangushwa. Mwenye uwezo asisite kuinunua.

Ya tatu ni Leupold DeltaPoint Pro, imara na ya kuaminika, ingawa dirisha lake ni dogo kuliko la hizo mbili. Aimpoint Acro P-2 naiweka mwisho kwa mashindano tu. Imefungwa pande zote, hivyo mvua na tope haviifikii taa yake, ila dirisha lake ni la milimita 16 kwa 16, na katika mbio za sekunde udogo huo unaonekana.

Ukubwa wa nukta nao usichukuliwe kijuujuu. Kwa umbali wa mita 25, nukta ya MOA 6 hufunika takribani milimita 44 za shabaha, wakati ya MOA 2 hufunika takribani milimita 15. Kubwa hukamatwa na jicho upesi kwa shabaha za karibu. Ndogo hufaa zaidi vibao vidogo vya mbali.

Kabla ya kulipa, hakikisha matundu ya skrubu yanalingana na slaidi yako, yaani sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, au bamba lake. SRO na 507COMP hukaa kwenye nafasi ileile ya RMR, darubini nyingine ya Trijicon. DeltaPoint Pro ina mpangilio wake. Soma pia kanuni za kundi lako: Carry Optics ya USPSA, tawi la IPSC nchini Marekani, inataka darubini ikae juu ya slaidi, ilhali kundi la Open linaruhusu ifungwe kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola kisichosogea.

Niliwahi kupoteza nusu ya shindano nikilaumu kidole changu, kwa kuwa risasi zote zilikuwa zikienda kushoto, kumbe skrubu moja ilikuwa imelegea kwa mateke ya slaidi. Sasa husafisha mafuta kwenye nyuzi za skrubu, hutia gundi yake, huikaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye darubini. Mstari huo ukikatika, siingii uwanjani kabla ya kukaza upya na kuhakikisha kwenye karatasi kwamba nukta na tundu la risasi bado vinakutana.