Uzoefu wangu wa kutumia CSS kusogeza maandishi kwenye ukurasa wa mwanzo

Tovuti yetu ya kupeleka wageni Kitulo, Ziwa Ngozi na kwenye Kimondo cha Mbozi niliitengeneza mwenyewe hapa Mbeya, na nilitaka anayeifungua avutwe na maandishi kabla ya picha, kwa sababu picha nzito humaliza bando la mgeni.

Nilianza kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa wa tovuti, na JavaScript kidogo, lugha ya programu inayoendesha vitendo kwenye ukurasa, majina ya vivutio yakijiandika herufi moja moja na kupokezana. Kwenye kompyuta yalipendeza sana. Kwenye simu, hata hivyo, "Kimondo cha Mbozi" kilichukua mistari miwili na "Kitulo" mmoja, hivyo kila jina lilipobadilika, sehemu yote ya chini ilipanda au kushuka pamoja na kitufe cha kupiga simu. Shangazi yangu wa Tukuyu, niliyempa simu asome, aliniambia, "Mwanangu, hebu yasimamishe kwanza." Sikuwa nimeweka namna ya kuyasimamisha, na jambo hilo liliniuma, maana WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka maandishi yanayoanza kusogea yenyewe na kuendelea kwa zaidi ya sekunde 5, kando ya maudhui mengine, yawe na njia ya kusitishwa au kufichwa.

Niliondoa JavaScript yote. Sasa kichwa cha habari hujitokeza mara moja tu, kwa muda usiofika sekunde 1, kikibadilisha uangavu na mahali kilipo bila kugusa upana wala urefu wake, kwa hiyo kivinjari hakilazimiki kupanga upya ukurasa mzima. Sentensi nimeiacha nzima, kwa kuwa herufi zikitenganishwa, programu inayowasomea wasioona inaweza kuzitamka moja moja. Aliyechagua kupunguza miondoko kwenye mipangilio ya simu yake huyakuta maandishi yakiwa yametulia tangu mwanzo, na kwa hilo CSS inahitaji mistari michache tu. Kwangu mimi hicho ndicho kipengele chake bora kuliko vyote.

Naipa CSS nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu majina yanayopokezana, yenye urefu tofauti, bado ni kazi ngumu kuyapanga kwa CSS peke yake, na mimi nimeyarudisha kuwa orodha ya kawaida chini ya namba ya simu.