Klampu mita ya bei nafuu baada ya kuandikwa upya chipu yake

Klampu mita niliyoijaribu, yaani kipimo cha umeme chenye taya zinazozunguka waya ili kupima mkondo, ni ya bei ya chini, lakini ndani yake imo chipu ya kumbukumbu ya aina ya 24C02, yenye miguu 8 na nafasi ya baiti 256, ambayo huhifadhi namba za usawazishaji wa vipimo pamoja na mipangilio ambayo kiwanda huiamua bila kumuuliza mnunuzi. Kero yangu kubwa ilikuwa tabia yake ya kujizima baada ya dakika 15, hata pale ninapofuatilia mkondo wa mota kwa muda mrefu.

Baada ya kutoa betri na kuhakikisha kwamba mita haijaunganishwa na waya wowote, niliisoma chipu kwa kifaa cha kuprogramu kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikahifadhi nakala mbili kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa namba za usawazishaji hutofautiana kati ya mita moja na nyingine, na anayenakili faili la mwenzake huishia na kifaa kinachodanganya. Kisha nilibadilisha baiti mbili tu: ya muda wa kujizima na ya muda wa taa ya kioo. Sasa mita hukaa ikiwaka dakika 60.

Usahihi haukubadilika, wala sikutarajia ubadilike. Nyaya za kupimia bado ni nyembamba na ngumu kukunjika, na kwa kuwa marekebisho haya hayaongezi kinga yoyote dhidi ya volteji kubwa, kwenye bodi kuu ya umeme ninaendelea kutumia mita nyingine.